Kura zile zile, hesabu mbili: barua ya wazi kwa Bunge, Waziri wa Katiba na Sheria, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu wa somo la Uraia. Mwaka 2010 nilikuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura katika darasa lile lile nililozoea kufundishia. Tulihesabu kura hadi usiku kwa mwanga wa taa ya chemli, mawakala wa vyama wakiwa wameketi kwenye madawati ya wanafunzi wangu, na nilipomaliza kujaza Fomu Namba 21B, ile ya matokeo ya ubunge, nilibandika nakala yake ukutani nikarudi nyumbani nikiamini kwamba kila tarakimu niliyoiandika ingekuwa na uzito wake bungeni. Ni baada ya kustaafu, nilipopata muda wa kuyasoma matokeo ya nchi nzima, ndipo nilipotambua kwamba kura za kituo changu zilitumika mara mbili, kwa kanuni mbili tofauti, na kwamba kanuni hizo zilichora picha mbili za nchi ambazo hazifanani.

Kanuni ya kwanza ni ya majimbo, tuliyorithi kwa Waingereza: anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, analichukua jimbo zima. Kanuni ya pili ni ya Viti Maalum vya wanawake. Ibara ya 78 ya Katiba inaelekeza kwamba viti hivyo vigawanywe kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge, kwa uwiano wa kura ambazo kila chama kimepata. Tuna, kwa hiyo, mifumo miwili ya uchaguzi ndani ya Bunge moja, na yote miwili inalishwa na karatasi moja ya kura.

Tazameni ilichozaa mwaka 2010. Katika majimbo 239, CCM ilipata 186, CUF 24, CHADEMA 23, NCCR-Mageuzi 4, na TLP na UDP jimbo moja moja. Katika Viti Maalum 102 vilivyogawanywa kwa uwiano wa kura, CCM ilipata 67, CHADEMA 25 na CUF 10. CHADEMA, iliyokuwa na kura zaidi ya mara mbili ya zile za CUF, ilimaliza ikiwa na jimbo moja pungufu yake. Hapa hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea kujumlisha. Kura za CUF zilikuwa zimerundikana mahali pamoja, hasa Pemba, wakati za CHADEMA zilisambaa katika majimbo mengi ambako mgombea wake alishika nafasi ya pili, na kwa mfumo wetu nafasi ya pili na nafasi ya mwisho ni kitu kimoja.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka 30 ya chama kimoja kimoja kila upande wa Muungano, NCCR-Mageuzi ilipata takriban asilimia 22 ya kura za ubunge ikaambulia majimbo 16 kati ya 232, na CUF yenye takriban asilimia 5 ikapata majimbo 24. CCM yenye takriban asilimia 59 ilipata majimbo 186, yaani manne katika kila matano. Mwaka 2015, upinzani ulipofikia kilele chake, CCM ilikuwa na takriban asilimia 55 ya kura za ubunge lakini ilichukua zaidi ya majimbo saba katika kila kumi. Tumezoea kusema wengi wape. Mfumo huu, hata hivyo, hautuulizi hao wengi ni akina nani: mgombea mwenye asilimia 38 anayepambana na wawili wenye asilimia 31 kila mmoja analibeba jimbo ambalo wananchi wake sita katika kila kumi hawakumtaka.

Wapo watakaosema kwamba hizo ni hesabu za wasomi na kwamba mwananchi anataka maji, barabara na dawa. Ninaomba kutofautiana nao kwa heshima, kwa sababu kanuni ya kugeuza kura kuwa viti ndiyo inayoamua vyama vyetu vinakuwa vyama vya namna gani, na vyama ndivyo vinavyoamua nani atakayesemea hayo maji. Chama kinachojua kwamba kura zilizotawanyika hazileti kitu hakina sababu ya kujenga matawi nchi nzima. Kinatafuta ngome, kinaweka fedha zake humo, na kinawaacha wafuasi wake wa mikoa mingine bila ofisi wala mwakilishi. Baada ya chaguzi mbili tatu, watu huanza kukiita chama cha Wachaga, cha Wapemba au cha watu wa mijini, na sifa hiyo ikishashika haifutiki kwa hotuba. Mfumo wenyewe ndio ulioufanya ukanda uwe biashara yenye faida, halafu tunawalaumu wanasiasa kwa kuifanya biashara hiyo.

Upande wa chama tawala nao haukusalimika. Katika majimbo ambayo ushindi wa CCM unajulikana kabla ya kampeni, uchaguzi wenyewe hufanyika kwenye kura za maoni ndani ya chama, na mwananchi asiye na kadi hana nafasi pale. Fedha, fitina na makundi huhamia huko. Msemo wa «wajumbe si watu» ulipoenea mwaka 2020, nchi nzima iliucheka, lakini mimi niliusikia kama kilio cha watu waliotambua kwamba hatima ya jimbo la mamia ya maelfu ya raia ilikuwa mikononi mwa ukumbi mmoja wa wajumbe. Mbunge aliyepita kwa njia hiyo anajua anayemdai ni nani, na si mpiga kura.

Muungano wa vyama uliojiita UKAWA mwaka 2015 ulikuwa jaribio la kuishi ndani ya mfumo huu. CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD viliachiana majimbo ili visigawane kura, jambo la busara kabisa kwa kanuni ya kwanza. Kwa kanuni ya pili lilikuwa hasara tupu, maana chama kilichomwachia mwenzake jimbo kilipoteza kura ambazo zingehesabiwa kwenye mgao wake wa Viti Maalum na wa ruzuku. Hivyo ndivyo washirika walivyogombania majimbo hadi siku za mwisho, na katika baadhi ya maeneo wakasimamisha wagombea kushindana wenyewe kwa wenyewe. Watu wengi walisema viongozi wale walikuwa na uchu, na huenda baadhi yao walikuwa nao, lakini sheria ilikuwa imewawekea mtego ambao hata malaika wangenaswa.

Niseme pia juu ya hadhi ya wabunge wa Viti Maalum wenyewe. Nafasi hizi zimewaingiza bungeni wanawake ambao mfumo wa majimbo ungewaacha nje, na sitaunga mkono mtu yeyote anayetaka kuzifuta bila kuweka kitu bora zaidi. Hata hivyo, mbunge wa Viti Maalum hana jimbo, hana mpiga kura anayeweza kumwita na kumhoji, na jina lake linatoka kwenye orodha iliyopangwa na chama. Akivuliwa uanachama, Katiba inasema ubunge wake umekoma. Baada ya uchaguzi wa 2020 tuliona wanawake 19 wakifukuzwa na chama kilichosemekana kuwapendekeza, wakaendelea kuketi bungeni huku kesi zikirindima mahakamani, na kwa muda wote huo hakuna raia aliyeweza kusema kwa uhakika wanamwakilisha nani.

Pendekezo langu ni moja, na mengine nitakayoyataja yanalizunguka hilo. Viti vya orodha, ambavyo tayari tunavyo na tayari tunavigawanya kwa uwiano wa kura, viwe viti vya kufidia. Leo vinaongezwa juu ya ushindi wa majimbo, kwa hiyo aliyepata vingi anaongezewa vingi. Kwa mfumo wa kufidia, Tume ingeanza kwa kuuliza kila chama kinastahili viti vingapi katika Bunge zima kwa mujibu wa kura zake, ingetoa majimbo ambayo chama kimeshinda, na pengo linalobaki ndilo lingejazwa kutoka kwenye orodha.

Nimefanya hesabu hiyo kwa mwaka 2010, na yeyote anaweza kuirudia kwa kalamu na karatasi. Majimbo na Viti Maalum kwa pamoja vilikuwa 341. Tukiviacha viti sita vya NCCR-Mageuzi, TLP na UDP kama vilivyo, vinabaki 335 vya kugawanywa kwa uwiano ule ule wa 67 kwa 25 kwa 10 ambao Tume yenyewe iliutumia. CCM ingestahili viti 220, CHADEMA 82 na CUF 33. Kwa kuwa CCM ilikuwa na majimbo 186, ingepata viti 34 vya orodha. CHADEMA ingepata 59, na CUF 9. Jumla ni 102, bila kuongeza kiti wala kupunguza. Badala ya CCM kuwa na 253 na CHADEMA 48 kama ilivyokuwa, tungekuwa na 220 na 82. Idadi ya wanawake wanaoingia kwa orodha ingebaki ile ile, na CCM ingeendelea kutawala kwa wingi ambao vyama vingi duniani vingeutamani.

Ninajua kwamba ndani ya jumuiya ya wanawake ya chama tawala pendekezo hili litaonekana kama kunyang'anywa, kwa kuwa orodha yao ingeshuka kutoka 67 hadi 34. Ninaomba walitazame kwa upande wa pili. Chama chenye majimbo 186 kingekuwa, kwa mara ya kwanza, na sababu nzito ya kuwasimamisha wanawake katika majimbo kinayoyashinda, badala ya kuwaambia wasubiri orodha. Rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilishaliona tatizo hili na kupendekeza kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Lilikuwa wazo zuri kwa usawa wa jinsia, ila lisingegusa upotevu wa kura niliouelezea, kwa sababu chama kinachoongoza jimboni kingechukua viti vyote viwili.

Mfumo wa kufidia hatungekuwa tunaubuni sisi. Ujerumani umeutumia tangu baada ya Vita Kuu ya Pili, na New Zealand, iliyokuwa na mfumo wa Kiingereza kama wetu, iliuchagua kwa kura ya maoni ya 1993 na kuutumia kuanzia 1996. Mfano ninaouona kuwa wa karibu zaidi nasi, hata hivyo, ni wa Lesotho, mwanachama mwenzetu wa SADC. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura na majimbo 79 kati ya 80. Robo nzima ya wapiga kura waliokiunga mkono chama cha BNP walipewa mbunge mmoja. Waliokataa matokeo waliingia mitaani, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia nchini, na sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Maseru ikateketea. Walipokaa chini kuzungumza, walikubaliana kuyabakiza majimbo 80 na kuongeza viti 40 vya kufidia. Katika uchaguzi wa 2002 LCD ilishinda tena karibu majimbo yote, lakini safari hii BNP iliingia bungeni na wabunge 21, wote wa orodha, na ugomvi ukahamia mahali ugomvi wa kisiasa unapotakiwa kuwa.

Sitaficha yaliyofuata. Mwaka 2007 vyama vikubwa vya Lesotho vilitumia vyama washirika kama vivuli, kimoja kikigombea majimbo na kingine kikichukua orodha, na hivyo fidia ikavurugwa. Waliziba tundu hilo kwa kurudi kwenye karatasi moja, ambayo kura ya mgombea wa jimbo ndiyo hiyo hiyo inayohesabiwa kwa chama chake. Sisi tayari tuna karatasi moja, basi tusiibadili. Baada ya 2012 Lesotho pia iliingia katika serikali za mseto zilizovunjika na kusababisha chaguzi za mapema za 2015 na 2017. Hofu hiyo inastahili kujibiwa: serikali ya Lesotho inaundwa na Bunge na huanguka pamoja na wingi wa Bunge, wakati Rais wetu anachaguliwa moja kwa moja na wananchi na haondoki kwa sababu vyama viwili vimekosana. Tungekuwa na mjadala mkali zaidi Dodoma, pengine bajeti zingechukua muda mrefu kupita, lakini nchi isingekosa serikali. Kwa vyama vidogo vidogo visivyo na idadi, kizingiti cha asilimia 5 kilichomo katika Ibara ya 78 kinatosha na hakihitaji kuguswa.

Kuna suala la Zanzibar, na ni lazima lisemwe waziwazi. Zanzibar ina majimbo 50 ya Muungano kwa watu wasiofika milioni 2 kwa sensa ya 2022, wakati mkoa wa Dar es Salaam wenye zaidi ya milioni 5 una majimbo 12 hata baada ya kugawanywa upya mwaka 2025. Tofauti hiyo ina sababu zake, kwa kuwa Zanzibar ni mshirika wa Muungano na si mkoa. Kama fidia ingehesabiwa kwa kapu moja la nchi nzima, kura za Bara zingemeza zile za Visiwani na malalamiko mapya yangezaliwa. Ndiyo maana ninapendekeza makapu mawili: fidia ya Bara ihesabiwe kwa kura za Bara, na ya Zanzibar kwa kura za Zanzibar. Pale ambako wagombea wawili wa urais wa Zanzibar walitenganishwa na asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 mwaka 2010, kila upande unahitaji kuuona uzito wake bungeni bila kulazimika kungoja hisani ya mshindi.

Kuhusu urais, hadi mwaka 2000 Katiba ilimtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Mabadiliko ya Kumi na Tatu yaliliondoa sharti hilo, na sasa anatosha aliye na kura nyingi kuliko mwingine yeyote. Kwa kuwa tangu hapo hakuna aliyetangazwa akiwa chini ya nusu, wengi huona jambo hili halina haraka. Jirani zetu Malawi waliliona hivyo pia, hadi Peter Mutharika alipoingia Ikulu mwaka 2014 kwa takriban asilimia 36. Mahakama ilipofuta uchaguzi uliofuata, mwezi Februari 2020, iliamua pia kwamba wingi maana yake ni zaidi ya nusu, na ndani ya miezi michache vyama vilivyokuwa havisalimiani vilikaa pamoja na kusimamisha mgombea mmoja. Sharti la nusu hulazimisha vyama kuzungumza. Lirudisheni wakati bado halimgusi mtu yeyote kwa jina.

La mgombea binafsi, yaani zuio la raia kugombea bila kupitia chama, nitalipita haraka kwa kuwa hoja zake zimekwisha kusemwa zote. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mara mbili, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba suala hilo ni la Bunge, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha kwetu hapa, ikaamua kwamba zuio hilo linakiuka haki za raia. Bunge ndilo lililosubiriwa tangu wakati huo.

Sijasahau Oktoba 29, 2025. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi ya kura, na siku ambayo nilizoea kuisimamia kwa taa ya chemli na utulivu iliishia kwa vifo vya raia. Hakuna kanuni ya kugawa viti inayoweza kurekebisha uchaguzi ambao baadhi ya washindani hawamo, na uhuru wa Tume, haki ya kugombea na usalama wa mpiga kura ni mambo yanayotangulia yote niliyoyaandika. Lakini ninaamini pia kwamba mfumo unaompa mmoja karibu kila kitu ndio unaowafanya wakubwa waogope kushindwa na wadogo wakate tamaa ya kushinda, na kwamba mtu mwenye uhakika wa kupata sehemu yake ya haki hana sababu kubwa ya kumzuia mwenzake asiingie uwanjani.

Kubadili Ibara ya 66 na ya 78 kunahitaji kura za theluthi mbili ya wabunge, na kwa yale yanayogusa Muungano, theluthi mbili za kila upande. Wingi huo mnao sasa. Tume ya Jaji Francis Nyalali iliporipoti mwaka 1992, karibu watu wanane katika kila kumi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na chama kilichokuwa na nchi nzima mkononi kikaamua kuwasikiliza wale wawili. Hakikushurutishwa na Bunge, kwa sababu Bunge lote lilikuwa lake, kama lilivyo karibu lote leo.

Ninaomba mambo matatu yaanze kabla ya mwisho wa mwaka huu wa fedha. Tume itoe hadharani jumla ya kura za ubunge za kila chama, jimbo kwa jimbo, kwa chaguzi zote tangu 1995, zikiwa katika muundo ambao mwalimu wa sekondari na wanafunzi wake wanaweza kuujumlisha wenyewe. Waziri aelekeze hesabu ya viti vya kufidia ifanywe kwa kila mojawapo ya chaguzi hizo, na matokeo yake yawekwe mezani mbele ya Kamati ya Bunge inayohusika na katiba na sheria. Na Kamati hiyo iwaite wanawake waliowahi kuwa wabunge wa Viti Maalum, wa vyama vyote na wa pande zote mbili za Muungano, waeleze wenyewe ni kwa njia gani wangependa kuchaguliwa mwaka 2030.

Wenu katika utumishi wa nchi,

Mwalimu mstaafu wa Uraia, Morogoro